Kivinjari cha Simu Yako na Kivinjari cha Steshenari

Ukinunua Tecno, Infinix au itel Bukoba mjini na kufika nayo nyumbani Kamachumu au Nshamba, kivinjari kimeshachaguliwa. Mara nyingi ni Phoenix, ambacho kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye chapa zote hizo tatu, hukiweka kiwandani. Kando yake ipo Chrome, na pengine Opera Mini. Hakuna aliyekuuliza unataka kipi. Ukibonyeza kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ukurasa unafunguka, na wengi wetu tunaishia hapo.

Uamuzi huo uliofanywa na mwingine una fedha nyingi nyuma yake. Katika kesi ya ushindani iliyosikilizwa Marekani ilibainika kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake wa utafutaji uwe wa kwanza kwenye simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Apple peke yake mwaka 2022 ilipokea dola bilioni 20. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na Septemba 2025 akakataa kuilazimisha iuze Chrome. Hakuna kampuni inayotoa fedha za namna hiyo kwa kitu ambacho watu wangekibadilisha wenyewe. Inalipa kwa sababu inajua hatutagusa mipangilio.

Kwa hiyo ninapoulizwa kivinjari kipi ni bora, nami huuliza: simu au kompyuta hiyo ni ya nani, na unataka kuifanyia kazi gani? Mwanafunzi wa Ihungo anayetafuta matokeo, katibu wa chama cha ushirika (AMCOS) anayejaza taarifa za chama kwenye mfumo wa MUVU, mvuvi wa Goziba anayepata mtandao akipanda mlima, na binti wa Rubya anayeomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB kwenye kompyuta ya steshenari, hawa hawawezi kupewa jibu moja. Naamini kabisa kwamba mipangilio ina uzito kuliko jina la kivinjari, na kwamba mpangilio uleule unaomlinda mmoja unaweza kumponza mwingine.

Nianze na bando, maana ndilo linaloumiza wengi. Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima Januari 2006 na kampuni ya Opera ya Norway, ilijipatia jina Afrika kwa sababu moja. Ukifungua ukurasa, simu yako haiendi kuuchukua moja kwa moja. Ombi linakwenda kwenye seva za Opera, seva inauchukua ukurasa, inaubana, kisha inakutumia ulioshonwa upya. Opera yenyewe inasema ubanaji huo unaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Kwa mtu aliye Ikuza au Bumbire, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama upepo wa ziwani, hiyo ndiyo tofauti ya kusoma na kutosoma.

Mfano mzuri ni matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA. Kurasa zake za matokeo ni majedwali ya maandishi matupu: namba ya mtihani, jinsi, pointi, daraja, masomo. Hazina video wala picha za kupamba. Ukurasa wa namna hiyo Opera Mini inaumeza bila shida hata kwenye mtandao wa 2G, na ningependa taasisi nyingi za umma ziige usahili huo. Siku ya matokeo tovuti ikielemewa na wageni, kosa si la kivinjari chako. Kubadilisha kivinjari mara tatu kutakumalizia bando tu.

Sasa mchukue yule binti wa Rubya, umfungulie tovuti ya ajira za serikali, Ajira Portal, au fomu ya HESLB kwenye Opera Mini iliyowekwa ubanaji wa juu kabisa. Fomu hizo zinategemea programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kivinjari: ukichagua mkoa, orodha ya wilaya inajitokeza, ukipakia cheti cha PDF, mfumo unakikagua papo hapo. Opera Mini katika hali hiyo huziendesha kwa kiasi kidogo mno, tena kwenye seva yake. Unachagua Kagera, unasubiri Muleba itokee, haitokei. Watu wanaulaumu mfumo wa serikali wakati kivinjari ndicho kilichowakwamisha. Kwa kazi ya fomu tumia Chrome, Firefox, Brave, au Samsung Internet kama simu ni Samsung. Ukilazimika kubaki na Opera Mini, punguza kwanza kiwango cha ubanaji.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Katika ubanaji wa juu, seva za Opera husoma ukurasa kabla ya kuubana, hata kama ukurasa huo una alama ya usalama. Haiwezekani kubana kitu usichokiona. Matokeo ya mtihani yako hadharani, hayana siri. Nywila ya akaunti ya benki si hivyo. Mimi nasema waziwazi: Opera Mini ya ubanaji wa juu ni ya kusomea, na popote unapoandika nywila, hamia kivinjari kingine.

Wengi bado wanaamini Chrome nayo ina kiokoa data. Ilikuwa nacho, kikaondolewa Machi 2022. Kwa hiyo mwenye Chrome anapaswa kubana bando kwa mikono yake. Ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, tafuta sehemu ya kupakia kurasa mapema, uizime. Chrome ina tabia ya kukisia utabonyeza nini na kuanza kukipakua kabla hujabonyeza, na ubashiri huo unalipiwa na bando lako. Zima pia zile habari zinazojipanga chini ya kichupo kipya, maana picha zake hushuka hata usipozisoma. Kisha ujizoeze kupakua ukurasa. Chrome ya Android ina mshale wa kupakua kwenye menyu ya nukta tatu, na ukurasa uliopakuliwa ukiwa Muleba mjini unasomeka ukiwa kisiwani bila mtandao. Mwalimu wa kisiwani anaweza kubeba masomo ya wiki nzima kwa njia hiyo, na hana haja ya kuongeza programu yoyote.

Lakini mlaji mkubwa wa bando ni matangazo. Tovuti nyingi za habari tunazosoma zina maandishi machache na mzigo mkubwa wa matangazo, video zinazojianzisha na vifuatiliaji vinavyoandika nyendo zako. Hapa ndipo Firefox inaposhinda kwenye simu. Firefox ya Android inakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, na tangu Desemba 2023 milango hiyo imefunguliwa kwa upana. Weka kimoja tu, uBlock Origin, uone kurasa zinavyopungua uzito. Chrome ya simu za Android haikubali viendelezi, na ile ya kompyuta imekwisha kuifungia uBlock Origin kamili baada ya Google kubadilisha kanuni zake za viendelezi, ikabaki toleo jepesi lenye nguvu pungufu. Kama hutaki kuhangaika na viendelezi, Brave inazuia matangazo tangu dakika ya kwanza bila kuelekezwa. Kwa mtu anayesoma sana kwa simu yake mwenyewe, mapendekezo yangu ni hayo mawili, na naanza na Firefox.

Kuhusu umri wa kifaa nitasema machache. Kivinjari kisichopokea tena masahihisho ya usalama kinabaki na matundu ambayo wezi wameshayajua. Chrome iliacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, na tangu Agosti 2025 Chrome mpya za simu zinataka Android 10 kwenda juu. Windows 10 yenyewe iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta za Windows 7 bado zinafanya kazi katika ofisi na maduka mengi ya mkoa wetu, na sidhani ni haki kumwambia mwenye duka azitupe kesho. Mozilla imeendelea kuisahihisha Firefox 115 ya muda mrefu kwa ajili ya Windows 7, tena ikarefusha muda wake zaidi ya mara moja. Kompyuta ya namna hiyo isitumie Chrome. Iwekewe Firefox hiyo mradi bado inasahihishwa, au Linux kama yupo fundi wa kuiweka.

Sasa nywila. Kwenye simu yako mwenyewe, iliyofungwa kwa alama ya kidole au namba ya siri usiyomgawia mtu, ruhusu kivinjari kihifadhi nywila. Najua ushauri huu unawashtua wengi waliofundishwa kukataa kila mara. Ila kivinjari kina jambo ambalo jicho la mtu aliyechoka halina: kinakumbuka nywila pamoja na anwani kamili ya tovuti. Ukiletewa ukurasa wa uongo uliochorwa ukafanana na Ajira Portal hadi nembo ya taifa, macho yako yatadanganyika, kivinjari hakitadanganyika, kwa sababu anwani ni nyingine. Kitakaa kimya, hakitajaza nywila. Ukiona kimekaa kimya mahali ambapo siku zote kinajaza, simama.

Simama usome anwani, na uisome kutoka kulia. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz, na mwisho huo hupewa taasisi za serikali tu. Tuchukue mfano wa kubuni: ajira-go-tz.com. Maneno yote unayoyategemea yamo, na mtu mwenye haraka anaona ajira, anaona go, anaona tz, anaridhika. Lakini mwisho wake ni .com, na .com mtu yeyote hununua. Vistari vile vimewekwa mahali pa nukta ili kukuhadaa. Kwenye simu, kivinjari huficha sehemu ya anwani kwa kukosa nafasi, hivyo bonyeza juu yake uione yote. Alama ya kufuli nayo isikulaze usingizi. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa vyeti vya usalama bure mwaka 2015, tovuti yoyote inaweza kuwa na kufuli, ya tapeli ikiwemo. Kufuli linasema hakuna anayesikiliza njiani, halisemi uliyefika kwake ni nani. Tena malipo ya serikali hupita kwa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki kwenye menyu zao wenyewe. Ukurasa wa kivinjari unaokuomba namba ya siri ya M-Pesa ni wa mwizi, bila mjadala.

Jambo jingine linalonikera kwenye simu za watu ni arifa. Unaingia tovuti ya kupakua wimbo, kinatokea kibonyezo kinachouliza uruhusu au ukatae, unaruhusu ili kikuondokee. Kuanzia hapo simu inapiga kengele usiku na mchana: umeshinda zawadi, simu ina virusi, mkopo wa haraka. Watu wanadhani simu imerogwa au imeingia virusi, wanapeleka kwa fundi, fundi anafuta kila kitu na kulipwa. Dawa iko ndani ya kivinjari: mipangilio ya tovuti, arifa, ondoa ruhusa za tovuti usizozijua, kisha uzuie tovuti zote zisiombe tena.

Yote hayo ni ya simu binafsi. Kazi nyeti kuliko zote kwa familia nyingi za Bukoba vijijini na Muleba haifanyiki kwenye simu binafsi. Inafanyika steshenari. Fomu ya mkopo wa HESLB inachapwa, inasainiwa, inapigwa skani na kurudishwa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA. Vyeti vinageuzwa PDF kwa ajili ya maombi ya ajira. Mtoto wa mkulima wa kahawa na ndizi hana skana nyumbani, kwa hiyo maisha yake yote ya kiserikali yanapita kwenye kompyuta moja ya duka, na kivinjari kimoja kilichokwisha kupokea mamia kabla yake.

Tazama kinachotokea pale mezani. Kijana wa duka anafungua Chrome, anaingiza barua pepe ya mteja, Chrome inauliza kama ihifadhi nywila. Foleni ni ndefu, anabonyeza ndiyo. Mteja anafuata, kijana anagusa kisanduku cha jina, na orodha inashuka: majina na barua pepe za wasichana na wavulana wa kata nzima, kila moja ikiwa na nywila yake nyuma. Kibaya zaidi, kwa wasio na barua pepe, kijana huwafungulia, akaweka nywila inayofanana kwa wote ili asisahau, na namba yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejesha akaunti. Miaka miwili baadaye mwanafunzi yuko chuoni Dodoma, amesahau nywila, na ujumbe wa kurejesha unakwenda kwa mtu aliyeko Muleba ambaye pengine ameshahama au amebadili laini.

Kisha kuna umeme. Bukoba kwa miaka mingi imepata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, na kukatika kwake hakuhitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kagera. Umeme ukikatika, kompyuta isiyo na betri inazima bila kuaga. Ukirudi, Chrome inauliza kama irejeshe kurasa zilizokuwa wazi, na kijana anakubali kwa nia njema. Kurasa zinarudi, na vidakuzi vya kikao vinarudi nazo, maana yake akaunti ya yule mteja aliyekwishaondoka inarudi ikiwa wazi. Jina lake, namba ya kitambulisho cha NIDA, anwani ya mzazi, vyote viko kwenye skrini mbele ya mteja mwingine. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Ni mpangilio mmoja uliobuniwa kwa ajili ya kompyuta ya mtu binafsi, umewekwa mahali pa umma.

Suluhisho lipo, halina gharama. Chrome ya kompyuta ina Hali ya Mgeni: bonyeza picha ya wasifu juu kulia, chagua mgeni. Ndani yake hakuna nywila inayohifadhiwa wala historia, na dirisha likifungwa, vidakuzi vyote vimekwenda. Ili asiitegemee kumbukumbu yake, mwenye duka aibonyeze alama ya Chrome kwenye uso wa kompyuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue sifa zake, na mwishoni mwa njia ya programu aache nafasi aandike --guest. Kuanzia hapo, Chrome ikifunguliwa kwa alama hiyo inaanza kama mgeni. Anayetumia Firefox aende sehemu ya faragha, kwenye historia achague isikumbuke historia kamwe. Wapo wanaochagua kufuta vidakuzi Firefox inapofungwa. Hiyo inatosha mahali penye umeme wa uhakika, lakini penye kompyuta inayozimika ghafla ni salama zaidi kutegemea mpangilio ule wa kwanza.

Hali ya Mgeni haigusi mafaili. Folda ya mafaili yaliyopakuliwa, pamoja na ile ya skana, hubaki na vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, nakala za vitambulisho. Folda hiyo nimeiona ikiwa na vyeti vya watu wasiofahamiana hata kidogo, vimepangwa kwa tarehe. Huo ni mzigo wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na haikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Duka lifute folda hizo kila jioni, na mteja apewe faili lake kwenye flashi au litumwe kwake kabla hajaondoka.

Kuhusu Hali Fiche, ile ya miwani na kofia, watu wanaitegemea kupita uwezo wake. Inaficha nyendo zako kwa atakayeshika kifaa hicho baada yako, basi. Mtandao wa simu, tovuti unazoingia na mwenye mtambo wa ofisini bado wanaona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa ndani ya Hali Fiche, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kurekebisha maelezo inayowapa watumiaji. Kwa mteja anayeikuta kompyuta ya steshenari isiyo na Hali ya Mgeni, Hali Fiche ni afadhali mara mia kuliko dirisha la kawaida. Aiombe kabla hajaandika chochote, na mwishoni afunge madirisha yote ya Hali Fiche. VPN za bure zilizomo ndani ya baadhi ya vivinjari nazo zisidhaniwe kuwa kinga ya kila kitu: mwenye VPN anaona unakokwenda badala ya mtandao wa simu, na hapa Tanzania mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wanapaswa kuzisajili.

Simu ya nyumbani inayoshikwa na baba, mama na watoto ihesabiwe kuwa steshenari ndogo. Isihifadhi nywila za mtu, na kila mmoja atoke kwenye akaunti yake anapomaliza. Dada aliyepewa simu yake mwenyewe afanye kinyume: ahifadhi, afunge simu, na asimpe mtu namba ya siri.

Nawaomba wenye steshenari wa Bukoba, Kemondo, Muleba na Kamachumu: kabla dirisha la maombi ya mikopo halijafunguliwa, fungeni duka mapema siku moja. Futeni nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, futeni folda za vyeti, wekeni Hali ya Mgeni, na kila barua pepe mnayomfungulia mteja iwe na namba yake ya simu, siyo yenu. Kwa kompyuta moja ni kazi ya nusu saa. Nanyi wazazi mnaowasindikiza watoto, simameni nyuma ya kiti mhakikishe mtoto ametoka kwenye akaunti na amebeba nywila yake kabla hamjalipa.